TAARIFA YA TAWI: TUNAVYOBISHANA KWENYE SIMU, NA UGUMU WA KUSEMA "NILIKOSEA"



Haya ni maneno tuliyoyatoa kwenye mkutano wa wanachama. Wengi mlikuwa shamba, wengine mlikuwa mjini kwa shughuli zenu, na mmeomba tuyatume kama yalivyosemwa. Ni marefu kidogo. Mwenye haraka asome jioni, na mwenye mzee asiyeona maandishi madogo amsomee.

Ajenda ilikuwa moja tu. Haikuhusu ada wala kadi. Ilihusu namna tunavyobishana kwenye kundi letu la simu, na jinsi ubishi huo unavyoanza kutugawa.

*1. KILICHOTOKEA*

Wote mliomo kwenye kundi mliona. Mwenzetu mmoja alituma ujumbe usio na jina la mtu wala la ofisi, unaosema kwamba uandikishaji wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku umefungwa na hakuna atakayeongezwa. Mwenzetu wa pili akajibu kwamba si kweli, jana tu amemsindikiza mama yake na ameandikwa. Jambo hilo lingeweza kuisha hapo hapo. Halikuisha. Wa kwanza alipoulizwa ujumbe kautoa wapi, alijibu kwa kumuuliza mwenzake kasoma mpaka darasa la ngapi. Wa pili naye hakunyamaza, akaleta habari za ukoo. Vijana wakamwaga vikatuni vya kucheka. Kwa siku tatu kundi la tawi lilisomeka kama kilabu cha pombe saa tano za usiku.

Hayo mnayajua. Ambalo wengi hamkulijua ni hili. Tunao wazee wasioandika neno kwenye kundi. Wanasoma tu, au wanasomewa na wajukuu. Baadhi yao waliuona ujumbe wa kwanza, lakini majibu sahihi hawakuyaona, kwa sababu yalizama katikati ya matusi. Wakakaa nyumbani. Mmoja wao, mama mjane mwenye ekari mbili za mahindi, alipokuja kuambiwa kwamba uandikishaji ulikuwa unaendelea, siku zilikuwa zimekwisha kweli. Sasa anunue mfuko kwa bei kamili ya dukani, au apande bila mbolea.

Na wale wawili ni majirani. Wamechota maji kisima kimoja tangu utoto. Leo wanapishana njiani bila salamu, na ulipotokea msiba hivi karibuni mmoja wao alikuja, akakaa mbali, akaondoka kabla ya chakula. Hilo ndilo lililotufanya tuitishe mkutano. Habari ya uongo husahihishwa kwa siku moja, lakini majirani wasiotaka kuzikana ni hasara ya miaka mingi.

Hatutaji majina, na tunaomba msiyataje. Tunalozungumza ni jambo letu sote.

*2. KWA NINI NENO HILI NI GUMU?*

Mtu anapoendelea kubisha wakati ushahidi umeshamkataa, tuna haraka ya kusema ana kiburi au ana roho mbaya. Wapo wa namna hiyo, hatukatai. Lakini mara nyingi kinachomfunga mdomo ni aibu. Nyumbani mtu akikosea mbele ya rafiki yake husema "kumbe!" na mambo yakaendelea. Kwenye kundi la simu wakwe wamo, wanaomdai wamo, na vijana aliowafundisha kuendesha baiskeli wamo. Kukiri kosa mbele ya hao wote ni kama kuvua shati sokoni.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1957 Mmarekani Leon Festinger alichapisha kitabu kuhusu tabia ya akili ya binadamu kutovumilia mawazo mawili yanayogombana. Mtu anajiona mwerevu na mwema. Kisha anakutana na jambo linaloonyesha kwamba amefanya upumbavu. Mawazo hayo mawili hayakai chumba kimoja. Moyo unakosa raha, na mara nyingi njia iliyo karibu ya kupata nafuu ni kukitafutia kasoro kile kilichomsuta, kuliko kubadili alichokisema. Na kadiri mtu alivyokwisha kulilipia neno lake gharama kubwa, ndivyo anavyozidi kuling'ang'ania.

Hapo tujiulize sisi tunaowasahihisha wenzetu. Mtu akikosea kidogo ukamjibu kwa tusi, umempandishia gharama. Mwanzo alitakiwa kukiri jambo moja tu, kwamba ujumbe haukuwa sahihi. Baada ya tusi, akikiri anaonekana amekubali pia kwamba yeye ni mjinga, na kwamba ukoo wake ni wa wajinga. Nani atakubali? Unayemtukana mbishi unamjengea ukuta wa kujificha, kisha unamlaumu kwamba hatoki.

Na simu ina mambo yake. Sauti haimo, uso haumo, mkono wa kumshika mwenzako begani haumo. Wazee wetu Wanyamwezi walitembea kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na njiani walijenga utani na Wagogo, Waluguru na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kukwambia mbele ya watu, hata msibani, kwamba umefanya ujinga, nawe ukacheka na yeye akacheka. Maneno yale yale ukiyaandika bila uso wala sauti yanakuwa tusi kamili. Isitoshe, yakishapigwa picha yanahamia makundi mengine, yanasomwa na watu wasiojua kwamba mlikuwa mnataniana.

*3. UBISHI ULIOANZIA HAPA HAPA*

Wapo wanaosema tabia hii imeletwa na simu. Ndugu zetu, mmoja wa ubishi mkubwa wa karne ya 19 ulianzia hapa Unyanyembe, kabla simu haijawa hata ndoto.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Kaze, kituo cha wafanyabiashara ambacho leo kimo ndani ya Tabora. Walikuwa wamesikia habari za ramani ya wamisionari iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno likijaza sehemu hii ya Afrika. Hapa Kaze mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba hakuna ziwa moja. Yapo maziwa tofauti: la Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na la Ukerewe kaskazini. Yeye alijua kwa sababu misafara ilikwenda huko na kurudi.

Wakaenda Ujiji, wakarudi Kaze mwaka 1858. Burton alibaki hapa, Speke akaenda kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona lile ziwa kubwa upande wa Mwanza. Alirudi Kaze mwezi huo huo akamwambia mwenzake kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Burton akamuuliza ushahidi uko wapi. Swali lilikuwa la haki kabisa, maana Speke alikuwa ameona upande mmoja tu wa ziwa, na hakuwa ameona mto wowote ukitoka.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Swali la ziwa likageuka kuwa swali la nani mkubwa, nani amemdharau nani. Walirudi Uingereza wakiwa hawaelewani, na kila mmoja akapata wapambe wake. Speke alirudi Afrika, na mwaka 1862 akaona maji yakitoka ziwani mahali ambapo leo ni Jinja, Uganda. Burton hakukubali, akaendelea kutetea ziwa Tanganyika. Mjadala wa hadhara ulipangwa mjini Bath, Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Watu wawili waliougua pamoja na kuuguzana njiani, waliolala hema moja, hawakupata tena nafasi ya kupatana.

Kilichomaliza ubishi hakikuwa hotuba. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa zima kwa mashua. Akaona ni ziwa moja kubwa, na maji yake yanatokea kaskazini. Speke alikuwa sahihi.

Naye Livingstone, ambaye nyumba aliyokaa iko Kwihara hapa jirani, aliondoka hapo mwaka 1872 akiamini kwamba mto Lualaba ndio Nile. Alikufa mwaka uliofuata akiwa bado anautafuta. Stanley alikuja kuufuata mto huo, na mwaka 1877 ukamtoa bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo. Jina kubwa halikuubadili mto.

Sisi tunaokota mambo matatu hapo.

La kwanza, mwenye haki naye anaweza kubisha vibaya. Speke alitangaza kabla hajathibitisha. Burton aliuliza swali zuri, kisha akalishikilia hata jibu lilipokuwa linakuja. Katika kundi letu, aliyekuwa sahihi kuhusu mbolea alikuwa sahihi, lakini habari za ukoo zilimwingiza makosani.

La pili, jambo linaloweza kutazamwa linamalizwa kwa kutazamwa. Stanley alihitaji mashua. Sisi tulihitaji mtu mmoja atembee mpaka ofisi ya mtaa. Katika siku tatu za matusi hakuna aliyekwenda.

La tatu, wanaolijua jambo mara nyingi hawaulizwi. Waliokaa kando ya maziwa yale walijua maji yanakokwenda kabla Mzungu hajafika. Vivyo hivyo, yule mama aliyeandikwa siku moja kabla alikuwa nyumbani kwake, na hakuna aliyepita kumuuliza. Tuliwaacha wanaojua, tukawasikiliza wanaopiga kelele.

*4. MAONI NA TAARIFA SI KITU KIMOJA*

Si kila anayekataa kubadili msimamo ni mbishi. Kuna taarifa na kuna maoni. Dirisha la uandikishaji limefungwa au halijafungwa: hiyo ni taarifa, na jibu lake ni moja. Je, Chama kifanye hivi au vile? Hayo ni maoni, na mtu anaweza kubaki na yake bila kuwa na kosa.

Mji wetu una mfano mkubwa. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake wa mwaka hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wenye haki ya kupiga kura wachujwe kwa kipato, elimu au cheo. Ilikuwa dharau, na wajumbe wengi walikuja wakiwa na nia ya kususia. Mwalimu Nyerere aliona kususia ni kuwaachia wengine viti. Walibishana, tena kwa ukali. Mwishoni mkutano ukaamua kushiriki, na uamuzi huo mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi uliofanyika mwaka huo na uliofuata, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na Desemba 9, 1961 nchi ikawa huru.

Tutazame pande mbili. Wapo wajumbe waliofika Tabora wakisema "tususie" na wakarudi makwao kuwahimiza watu wajiandikishe na wapige kura. Walibadili mawazo hadharani, na historia haikuwahesabu kuwa dhaifu. Iliwahesabu kuwa wenye busara, na neno hilo limo kwenye jina la uamuzi wenyewe. Mnara wa kumbukumbu umesimama hapa mjini. Ni mnara wa watu waliosikiliza wakabadilika.

Yupo pia Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubali. Alitoka TANU akaanzisha chama chake, African National Congress, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Mwalimu. Alishindwa vibaya, Mwalimu akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Lakini mtazameni alivyopinga. Alitumia jina lake mwenyewe, alisimama mbele ya watu, aliwaachia wapiga kura waamue. Na baadaye alirudi TANU, na mlango ulikuwa wazi. Aliyepinga hivyo hakuwa adui. Vijana wetu wanaoandika kwa majina ya bandia waige hapo.

*5. KUKIRI HAKUMPUNGUZI MTU*

Mwalimu Nyerere alisoma shule ya Serikali Tabora, na baada ya Makerere alirudi kufundisha St. Mary's, hapa hapa Tabora. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu wa nyumbani.

Mwaka 1972 Serikali yake ilizifuta serikali za mitaa kwa mpango wa madaraka mikoani. Mwaka 1976 ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Wakulima wa tumbaku wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa maana ya kubaki bila ushirika wao. Miaka ya 1980 vyote viwili vilirudishwa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu aliulizwa na mwandishi wa kigeni kuhusu miaka yake ya uongozi. Alijibu kwamba kuna mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya, akayataja hayo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika.

Hakusema "nilieleweka vibaya". Hakusema "watekelezaji ndio walioharibu". Aliyataja kwa majina yake. Leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, yupo anayemdharau kwa kukiri? Wanaompenda huyataja hayo kama sifa, na hata wanaomkosoa hupata shida kumpinga hapo. Kama Rais wa nchi aliweza kusema hivyo juu ya maamuzi yaliyogusa mamilioni ya watu, sisi tunashindwa nini kusema hivyo juu ya ujumbe wa kusambaza?

Chama kimetufundisha siku zote kukosoana na kujikosoa. Tumekuwa hodari wa nusu ya kwanza tu.

*6. TAWI NJIANI*

Kwenye misafara ya zamani, aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Nyuma yake walikuja wapagazi mamia, mstari mrefu kiasi kwamba wa mwisho hawamwoni wa kwanza. Njia zilipogawanyika, waliotangulia waliziba ile isiyo sahihi: walitupa tawi lenye majani katikati yake, au walichora mstari ardhini kwa mguu. Wa nyuma akiona tawi anajua asipite hapo.

Tulifikirie hilo. Ukisambaza habari kisha ukagundua si ya kweli, una njia mbili. Unaweza kuifuta kimya kimya na kujifanya hukuituma. Lakini nyuma yako kuna watu waliokwisha kuiona, wengine wamekwisha kuihamishia makundi mengine, na wako mbali mno kukuona umegeuka. Watapotea na mizigo yao. Au unaweza kurudi pale pale ulipokosea ukaweka tawi: "Ule ujumbe nilioutuma asubuhi kuhusu mbolea si sahihi. Nimeuliza ofisini, uandikishaji unaendelea. Mliousambaza, sambazeni na huu." Mistari miwili inatosha. Hakuna anayehitaji kupiga magoti.

Anayeweka tawi kwenye njia mbovu anafanya kazi ya kirangozi. Anayelidharau tawi hilo na kumcheka aliyeliweka ndiye anayewafundisha wengine wasiweke tena, na siku nyingine mama yake mwenyewe atapita njia hiyo.

*7. TULIYOKUBALIANA*

Mkutano ulikubaliana mambo haya, na yanawahusu viongozi kwanza kabla ya wanachama.

Moja. Habari yoyote ya tarehe, fedha, uandikishaji, ugonjwa au kifo isitumwe bila kusema imetoka wapi. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umepita mikono mingi. Hiyo ni sababu ya kuuliza kabla ya kuamini.

Mbili. Ukiona mwenzako ametuma kisicho sahihi, mtafute kwanza pembeni. Mpigie, au mfuate nyumbani. Ukiweza kumpa nafasi asahihishe mwenyewe, umemsaidia na umelisaidia kundi. Kama jambo ni la haraka na watu watadhurika, sahihisha kwenye kundi hapo hapo, lakini sahihisha habari na umwache mtu: "Ofisi inasema hivi, nimetoka huko sasa."

Tatu. Tuanze kwa kuuliza. "Umeipata wapi?" ikisemwa kwa nia njema humpa mtu nafasi ya kugeuka bila kuanguka. "Muongo wewe!" humfungia nafasi hiyo.

Nne. Akikataa kabisa, jibu mara moja tu kwa utulivu, kisha nyamaza. Usimwandikie yeye. Waandikie wale wanaosoma kimya, ambao ni wengi kuliko nyinyi wawili. Wao ndio wanaopima, na wakishaona ushahidi hawahitaji kuona mtu akidhalilishwa.

Tano. Mtu akisema "nilikosea", jibu ni moja: "Asante." Vikatuni vya kucheka, picha za maneno yake ya zamani, na mizaha ya wiki nzima ni marufuku. Atakayevunja hili ataondolewa kwenye kundi kwa mwezi mmoja, awe mwanachama wa kawaida au mjumbe wa kamati.

Sita. Habari za ukoo, kabila, dini, elimu ya mtu na ndoa ya mtu haziingii kwenye ubishi wowote wa tawi.

Saba. Tawi linachanga kumnunulia yule mama mfuko wa mbolea. Wale ndugu wawili wamekuwa wa kwanza kutoa, kila mmoja kwa wakati wake, bila kujua kwamba mwenzake naye ametoa. Sasa wanajua. Tumewaomba waupeleke pamoja, na hatukumlazimisha mtu.

Kuna walioshauri tuwatishe watu kwa sheria. Ni kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Kama ilivyotungwa, anayechapisha habari za uongo kwa kujua na kwa nia ya kupotosha anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au vyote viwili. Kila mwanachama aijue. Lakini jirani aliyeteleza si mhalifu, na tawi linaloanza kupelekana polisi kwa ujumbe wa mbolea limekwisha kufa kabla ya hukumu. Mambo yetu tuyamalize kwa balozi na wazee, chini ya mwembe, uso kwa uso.

*8. MWISHO*

Swali moja liliulizwa mkutanoni na mzee wetu: je, tukimsamehe kila anayekosea, hatutawafuga waongo? Tulijibu hivi. Anayekosea akasahihisha, ataaminiwa zaidi, maana tunajua akipotea atatwambia. Anayekosea kila wiki na hasahihishi, habari zake zitapimwa mara mbili kabla ya kuaminiwa, na hilo atakuwa amejitakia. Hatumnyimi mtu salamu, tunaweza kumnyima imani mpaka airudishe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tunaongeza kwamba asiyekubali kusahihishwa hawezi kutumwa na watu wake, kwa sababu hawatajua lini anawaletea kweli.

Msimu wa kilimo haungoji mtu. Kutakuwa na tarehe nyingine, uandikishaji mwingine, bei na uvumi mwingine. Ukiwa na shaka na habari yoyote, mpigie katibu wa tawi au mjumbe aliye karibu nawe kabla hujaisambaza. Kama naye hana uhakika, atakwambia hana uhakika, na atakwenda kuuliza.

Anayetaka kuongeza jambo alilete kwenye kikao kijacho. Maoni yanayopingana na haya yanakaribishwa pia, yenye jina la mwenyewe.

 Kila la heri mashambani.

Uongozi wa Tawi,
Kipalapala, Tabora.